Dhidi ya Hoja ya Misuli

Sheepfarmer's Daughter, riwaya ya kwanza ya mwandishi wa Kimarekani Elizabeth Moon, ilitoka mwaka 1988. Ilifuatwa mwaka huohuo na Divided Allegiance, kisha Oath of Gold mwaka 1989, na vitabu vyote vitatu kwa pamoja huitwa The Deed of Paksenarrion. Ni fantasia ya kijeshi: ulimwengu wa kubuni wenye miungu, uchawi na viumbe wasio binadamu, lakini wenye kambi, masajini, posho na kwata kama za jeshi lolote la kweli. Mhusika mkuu, Paksenarrion, ambaye wenzake humwita Paks, ni binti wa mfuga kondoo katika milima iliyo juu ya kijiji cha Three Firs. Baba yake amekwisha kumwahidi kwa mfuga nguruwe. Binti anachukua upanga mkuukuu wa babu yake, anatoroka nyumbani kwao, na kujiandikisha katika jeshi la mamluki la Kieri Phelan, mtawala wa jimbo la mpakani.

Maoni yaliyoenea kuhusu riwaya za namna hii ni mepesi kueleza. Mwanamke, husemwa, hana misuli ya kusimama safu ya mbele pamoja na wanaume wenye mapanga na ngao. Mwandishi anayemweka hapo amempa mwanamume jina la kike, akazaa jikedume, na amefanya hivyo kuziridhisha siasa za zama zake. Msomaji mwenye maoni hayo humeza joka, pete ya uchawi na wafu wanaotembea bila hata kukohoa, kisha hukwama kwa binti mwenye ngao. Upande wa pili wamo watetezi. Hawa humsifu mhusika "shupavu" kwa kuhesabu wanaume aliowaangusha, na kwao kitabu ni kizuri kadiri binti anavyozidi kupiga watu. Kambi hizi mbili hurushiana maneno makali, ilhali zimekubaliana jambo moja bila kujua: kwamba askari ni mkono unaopiga, na ushupavu ni uzito wa pigo. Kosa liko hapo. Moon alitumia juzuu ya kwanza nzima kuonyesha kwamba jeshi haliendeshwi hivyo, na anayeisoma kwa makini hatoki na hoja ya misuli ikiwa nzima.

Kuna utetezi mmoja unaofaa kuwekwa kando mapema, kwa kuwa unaudhuru upande unaoutumikia. Ni ule usemao: kama majoka yanakubalika, kwa nini askari wa kike asikubalike? Jibu hili huchekesha, ila limekwisha kukiri shtaka. Linamweka askari wa kike katika fungu moja na joka, eti mradi hadithi ni ya ajabu, lolote linapita. Fantasia nzuri haiandikwi kwa kanuni hiyo. Mwandishi akishasema kwamba uchawi una gharama, hawezi kuutoa bure kwenye ukurasa wa 300 kwa sababu tu amekwama. Na yale ambayo hakuyabadilisha, kama njaa, uchovu wa farasi na tope la masika, hubaki kama yalivyo duniani. Fantasia ya kijeshi hasa huishi kwa mambo hayo yasiyobadilishwa: uzito wa mzigo, umbali wa mwendo wa siku moja, bei ya nafaka katika mji uliozingirwa. Kwa hiyo swali la kama mwanamke anaweza kuwa askari wa miguu ni swali halali kabisa, na majoka hayawezi kulijibu. Litajibiwa na vita vyenyewe.

Jeshi la Phelan halimpokei Paks kama shujaa. Linampokea kama kuruta. Ule upanga wa babu haumsaidii. Kuna sare, kuna zamu, kuna sakafu ya kusugua, na kuna sajini Stammel anayemjua kila mmoja kwa jina na kwa kosa lake. Kwata ni ileile siku nenda siku rudi, na silaha za mazoezi ni za mbao. Msomaji aliyekuja kutafuta mapambano hukabidhiwa ufagio. Kurasa nyingi hupita kabla adui hajaonekana, na wapo wanaozilalamikia kwamba zinachosha. Bila kurasa hizo, hata hivyo, vita vinavyofuata visingeeleweka, kwa sababu ndizo zinazofundisha jinsi watu wasio na lolote la ajabu wanavyogeuzwa kuwa safu moja.

Askari wa safu hapigani peke yake. Ngao yake humfunika yeye na sehemu ya jirani yake. Mkuki mrefu wa kuzuia wapanda farasi, uliofikia mita 5 na zaidi katika majeshi ya Waswisi ya karne za 15 na 16, haufai kitu mikononi mwa mtu mmoja, hata awe jitu la miraba minne. Hufaa pale mamia wanapoushusha kwa amri moja na kubaki walipo. Anayekimbia hajihatarishi mwenyewe tu. Anaacha pengo ambalo farasi watapita. Mwaka 1476 majeshi ya Waswisi, yaliyojaa wakulima, wachunga ng'ombe na mafundi wa mijini, yalimshinda Charles wa Burgundy huko Grandson na tena huko Murten, ingawa yeye alikuwa na mizinga bora na wapanda farasi waliokulia katika ufundi wa silaha. Hakuna mwanahistoria anayeeleza ushindi huo kwa kupima mikono ya wachunga ng'ombe. Hueleza jinsi walivyoishika safu.

Hata mapigano yenyewe huchukua sehemu ndogo ya uhai wa jeshi. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, karibu theluthi mbili ya askari waliokufa waliuawa na maradhi. Jeshi la Napoleon lililoingia Urusi mwaka 1812 lilikuwa limekwisha kumegwa vibaya na homa ya chawa, joto na njaa kabla theluji haijaanguka. Moon anayajua haya, na maofisa wake huonekana wakihangaikia nyumbu, mishahara, mikataba na hali ya barabara. Nchi ya Aarenis, ambako kombania ya Phelan inakwenda kupigana kila msimu, imefinyangwa kwa mfano wa miji ya Italia iliyokuwa ikikodi mamluki kwa mikataba maalumu. Humo vita ni kazi ya kulipwa, yenye hesabu zake na mwisho wa msimu wake, na mhusika wa kike anaingia katika kazi hiyo kama mfanyakazi yeyote.

Maarifa hayo hayakutoka hewani. Moon alihitimu shahada ya historia katika Chuo Kikuu cha Rice mwaka 1968, akajiunga mwaka huohuo na Marine Corps, akafanya kazi za kompyuta na kufikia cheo cha luteni. Sheria ya Marekani ya mwaka 1948, iliyowaruhusu wanawake kuwa wanajeshi wa kudumu, ilikuwa imewawekea kikomo cha asilimia 2 ya jeshi. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 1967 tu. Riwaya ilipotoka, mwanamke wa Kimarekani alikuwa bado haruhusiwi kuwa askari wa miguu wa mstari wa mbele, na nafasi zote za kivita hazikufunguliwa mpaka uamuzi wa Desemba 2015. Anayedai kwamba Paks aliandikwa kufuata upepo wa zama zake anapaswa kusema ni upepo upi huo, maana sheria, kambi na desturi za mwaka 1988 zilivuma upande wa pili.

Wenye hoja ya misuli wana ushahidi wao, na haifai kuuficha. Mwaka 2015 Marine Corps ilitoa matokeo ya jaribio kubwa lililolinganisha vikosi vya wanaume watupu na vikosi mchanganyiko. Vikosi vya wanaume vilifanya vizuri zaidi katika kazi 93 kati ya 134, na wanawake waliumia viungo na misuli kwa kiwango cha zaidi ya mara mbili ya wanaume. Waziri wa wanamaji wa wakati huo, Ray Mabus, alikosoa jinsi jaribio lilivyoendeshwa, lakini itakuwa ujanja kuyafuta matokeo yote kwa sababu hiyo. Zaidi ya hayo, hoja hii inauma kuliko ile ya mapanga. Ikiwa jeshi ni mwendo na mizigo, kama ilivyokwisha kuelezwa hapa, basi anayeumia chini ya mzigo ni tatizo la kweli kuliko asiyeweza kumwangusha mtu kwa pigo moja.

Majibu yapo, nayo hayalingani uzito. La kwanza ni la kawaida: wastani hausemi lolote kuhusu mtu mmoja. Paks ni mrefu, ana mifupa mizito, na amekua akibeba na kukamata kondoo mlimani; Moon hakumchora kama kisura mwembamba anayeshika upanga kwa vidole. La pili lina uzito zaidi. Mzigo wa vita haujawahi kumkwepa mwanamke. Katika vita vya 1914 hadi 1918 huku Afrika Mashariki, wake wa askari waliandamana na misafara ya kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck wakiwa na vyombo vichwani na watoto migongoni, wakapika, wakafua, wakavuka mito ileile waliyovuka waume zao. Hakuna afande aliyewapima misuli kabla ya kuwaacha waifuate safu. Baadaye, katika vita vya ukombozi wa Msumbiji, wanawake wa kikosi cha kike cha Frelimo, waliofunzwa Nachingwea kuanzia mwaka 1967, walibeba silaha na risasi kwa miguu kuingia ndani ya nchi yao, na pia walilinda maeneo yaliyokombolewa na kupigana yaliposhambuliwa. Josina Machel, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 1971, alitoka katika kikosi hicho. Wasiwasi kuhusu mgongo wa mwanamke huanza kusikika pale anapotaka kupewa cheo na mshahara kwa mzigo aliokuwa akiubeba tangu hapo.

Mifano ya wanawake waliopigana ni mingi, ingawa hutumiwa ovyo. Ufalme wa Dahomey, katika Benin ya leo, ulikuwa na vikosi vya wanawake vilivyopanuliwa sana na Mfalme Ghezo, aliyetawala kuanzia 1818 hadi 1858. Wageni wa Ulaya waliwashuhudia wakifanya mazoezi ya kupanda na kuvuka vizuizi vya miiba bila viatu, na Wafaransa waliokabiliana nao katika vita vya miaka ya 1890 waliandika juu ya ukaidi wao mbele ya bunduki bora. Jeshi la Kisovieti katika vita vya pili vya dunia liliandikisha wanawake wapatao 800,000. Lyudmila Pavlichenko, mdunguzi, alihesabiwa maadui 309, na kikosi cha anga cha 588, kilichoundwa na wanawake, kilipiga mabomu usiku kwa ndege za mbao na kitambaa. Hesabu hizo zinatosha kuvunja neno "haiwezekani". Hazithibitishi kwamba vita vya wanawake ni safi zaidi. Dahomey ilikuwa dola ya kukamata na kuuza watumwa, na vikosi vyake vya kike vilishiriki katika misako hiyo. Svetlana Alexievich, aliyewahoji mamia ya maveterani wa Kisovieti kwa ajili ya kitabu chake cha 1985, alikuta wanawake waliokumbuka mabuti makubwa mno miguuni, sare za kiume zisizowatosha, na ukimya waliorudi nao nyumbani ambako ushujaa wao haukuwa sifa ya kumtafutia mtu mchumba.

Shtaka la ujikedume lina sura nyingine, isiyohusu mikono. Paks haolewi. Mapenzi ya mwili hayamvutii, na hakuna sura ambamo anamlilia mpenzi. Wasomaji wengine husema kwamba kwa hiyo si mwanamke hasa: ni askari wa kiume aliyebadilishwa viambishi. Kigezo hiki hakitumiki kwa wanaume. Mamluki asiyeoa katika riwaya za kijeshi yuko kila mahali, wala hakuna anayeshuku uanaume wake. Huitwa mtu wa kazi. Inafaa pia kukumbuka wanawake wa silaha waliomtangulia Paks katika fasihi hii ya Kiingereza. Jirel wa Joiry, aliyebuniwa na C. L. Moore mwaka 1934, ni mtawala mwenye hasira na upanga, naye huzunguka peke yake katika nchi za jinamizi. Éowyn wa J. R. R. Tolkien anamuua kiongozi wa Wapanda Farasi Weusi vitani, lakini ameingia humo akiwa amejificha katika mavazi na jina la kiume. Red Sonja wa vitabu vya katuni vya miaka ya 1970 alivalishwa vipande vya chuma ambavyo visingemkinga na mbu. Kila mmoja wao ni wa pekee, na upekee huo ndio unaombeba. Moon alifanya jambo la kawaida zaidi lakini lenye matokeo makubwa zaidi: alimpa mwanamke bweni, zamu ya ulinzi, wenzake wa kike safuni, na kapteni wa kike, Dorrin, juu yake. Akishafika hapo swali la kama anaruhusiwa limekwisha, na linaanza swali la jinsi anavyoishi humo.

Anaishi humo akiwa na mwili wa kike, na riwaya haijifanyi kutoujua. Mapema kabisa, Paks akiwa bado kuruta, koplo anamshambulia kwa nia ya kumwingilia kwa nguvu. Anajitetea. Kwa kuwa kumpiga mkubwa ni kosa zito la kijeshi, yeye ndiye anayetiwa korokoroni, na ushuhuda wa majeraha yake unapimwa kwa uchunguzi rasmi kabla ya kusafishwa jina. Sura hizo ni miongoni mwa bora za kitabu, kwa sababu hatari yenyewe inatoka ndani ya taasisi ambayo binti ameikimbilia ili kuwa huru, na wokovu, ukija, unatoka katika kanuni za taasisi hiyohiyo. Hata hivyo Moon amejipunguzia mzigo. Inabainika kwamba koplo alikuwa amenyweshwa dawa kwa hila ya mtu mwenye chuki, hivyo lawama inahama kutoka kwa kombania na kutua kwa mwovu mmoja anayefukuzwa. Majeshi ya kweli hayajawahi kuhitaji dawa ili jambo hilo litokee. Hapa mwandishi anaweza kushutumiwa kwa haki, na inashangaza kwamba wakosoaji waliokesha wakipima misuli waliipita sehemu hii haraka.

Baadaye katika juzuu hiyohiyo, sehemu ya kombania inanaswa na adui ndani ya ngome. Paks na wenzake wawili, Saben na Canna, wako nje kwa bahati. Kinachofuata ni safari ya siku nyingi katika nchi iliyojaa maadui ili kumfikishia Phelan habari. Chakula ni haba, Canna amejeruhiwa, moto hauwezi kuwashwa. Saben na Canna wanapotea njiani, wote wawili, na Paks anafika. Ushindi wote wa msimu unategemea mwendo huo. Hakuna pigo la upanga ndani yake linaloweza kuwekwa kwenye jalada. Kuna uamuzi wa kulala wapi, nani ale nini, na lini kumwacha mtu anayependwa. Mtetezi anayehesabu waliouawa hana la kuandika kuhusu sura hizi. Mpinzani naye hana, kwa kuwa mwendo wa namna hiyo huwashinda wanaume wenye vifua vipana kila siku.

Pigo kubwa zaidi kwa hoja ya misuli liko katika mpito kutoka juzuu ya pili kwenda ya tatu. Paks ameiacha kombania, amekubaliwa kufunzwa ili awe paladini, yaani askari aliyewekwa wakfu kwa mungu, na katika safari ya mbali anatekwa na maadui wanaoishi chini ya ardhi. Wanamlazimisha kupigana, pambano baada ya pambano, mpaka uovu unapandwa ndani yake. Viongozi wake wanautoa uovu huo, lakini tiba inaondoka na ujasiri. Mikono ni ileile. Ufundi aliojifunza kwa miaka haujasahauliwa kichwani. Ila sauti kali inamtetemesha, mbele ya upanga uliochomolewa anaganda, na yule aliyekuwa tegemeo la safu anazurura wakati wa baridi kama ombaomba, akipigwa na watu ambao zamani wasingethubutu kumsogelea. Mwandishi amefanya jaribio ambalo wabishi wa pande zote mbili hawakulifikiria: ameiacha misuli mahali pake na kuondoa kile kingine, kisha akamwonyesha msomaji kilichobaki.

Kupona kwake kunaanza mikononi mwa mganga wa msituni, na kunaenda polepole. La maana zaidi ni kwamba Paks hapewi tu kile alichokuwa nacho. Alizaliwa akiwa na ujasiri mwingi kiasi kwamba hakujua hofu ya watu wengine ikoje. Sasa anaijua, na anajua kwamba watu wa kawaida hutenda wakiwa nayo. Riwaya chache za kijeshi, za mashujaa wa kiume zikiwemo, zimechunguza woga kwa subira hiyo bila kuugeuza aibu. Kinachofuata ni kigumu kukitetea. Ili kuyaokoa maisha ya Phelan, Paks anajitoa ateswe kwa siku tano na makuhani wa mungu wa ukatili, na anaponywa na mungu wake. Wapo wanaouliza kwa nini ushupavu wa mwanamke lazima uthibitishwe kwa maumivu yake, na swali hilo ni zito kuliko lolote la mapanga. Moon anaweza kujibu kwamba mtindo wa kisa cha mtakatifu anayeteswa ni wa kale na umewahusu wanaume pia. Bado uponyaji wa kimiujiza unalegeza kile ambacho miezi ya ombaomba ilikuwa imekikaza. Mungu anatengeneza kwa siku moja kilichowachukua binadamu kurasa mia. Juzuu ya kwanza, isiyo na muujiza mkubwa, ndiyo inayosimama imara zaidi.

Watetezi wa "mhusika shupavu" nao wanakabiliwa na jaribio lao, lililoletwa miaka 30 baada ya Paks na mwandishi aliyezaliwa Guangzhou na kukulia Marekani. R. F. Kuang alichapisha The Poppy War mwaka 2018, akiwa hajatimiza miaka 22. Rin, mhusika wake, ni yatima wa vita wa kusini aliyelelewa na wauza kasumba, na yeye pia anakimbia ndoa aliyopangiwa, ila njia yake ni mtihani wa taifa unaomfikisha katika chuo cha kijeshi cha Sinegard. Ni mdogo wa umbo, na nguvu yake kuu hatimaye ni mungu wa moto anayemwita. Misuli haina nafasi hapo. Vita anavyoviingia vimechotwa katika vita vya China na Japani, na mji wa Golyn Niis katika kitabu ni Nanjing ya Desemba 1937. Mwishoni Rin anateketeza kisiwa kizima pamoja na watu wake wote. Kuang amesema wazi kwamba maisha ya Mao Zedong yalikuwa kielelezo chake katika kumjenga.

Msomaji aliyezoea kumtafutia binti yake mfano wa kuiga hukasirika hapo, na huandika kwamba Rin hapendeki. Hapendeki kweli. Chuoni anamwomba tabibu amkomeshee hedhi moja kwa moja, akikubali kutozaa, ili mwezi usimpotezee siku za masomo. Kitabu hakishangilii uamuzi huo wala hakimhukumu kwa ajili yake, kinauweka mezani pamoja na bei yake. Anayedai kwamba wanawake waingie katika riwaya ya vita kwa haki kamili, kisha akataka watoke humo na mikono safi, amewarudishia ule upekee waliouvaa Jirel na Éowyn. Dahomey ilikwisha kulijibu hilo. Rin ni askari na kamanda, na kamanda anaweza kuwa mhalifu wa kivita. Kumnyima mwanamke uwezekano huo ni kumnyima ukamanda.

Moon mwenyewe alirudi katika ulimwengu wa Paks mwaka 2010 kwa kitabu cha Oath of Fealty, cha kwanza katika mfululizo wa vitabu vitano uliokamilika mwaka 2014. Paks anaonekana humo kwa nadra. Nafasi kubwa imekwenda kwa maofisa wa zamani wa kombania, miongoni mwao Dorrin, yule kapteni, ambaye sasa ni mwanamke wa makamo aliyeamriwa kuitawala nyumba ya ukoo wake mwenyewe baada ya ukoo huo kuasi. Hana mapambano mengi ya upanga. Ana nyumba iliyojaa mitego ya kichawi iliyoachwa na jamaa zake, watoto wa waasi wanaohitaji kulelewa, wakulima wenye njaa wasiomwamini, barabara mbovu, na vitabu vya hesabu ambavyo hakuna aliyevitunza kwa uaminifu kwa miaka. Anavishughulikia kimoja baada ya kingine, kwa utaratibu aliojifunza katika kombania ya Phelan.